Chupa ya Pili Haikufika

Sehemu ya Saba

Masizi. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Verlene, hata kabla maneno hayajamwingia. Duara jembamba la masizi makavu ndani ya shingo ya chupa.

Wiki nzima tumemwacha amesimama pale mbele ya sinki, chupa mkononi, Daktari Haverstock akimtazama kwa tabasamu lake la upole. Na maneno aliyoambiwa bado yananing'inia hewani: "Verlene, hii ndiyo chupa ya pili ya kesi ya Bi. Tibbs. Ulisahau kuiosha."

Alisahau!

Miaka minne Verlene Gaskins ameosha vyombo vya kioo katika maabara hii ya ghorofa ya nne, katikati ya Pittsburgh. Hajasahau hata kizibo. Alikuja kutoka Alabama akiwa na miaka kumi na minane. Darasa la tano hakulimaliza, kwa sababu pamba haikumngoja. Kazi aliyoipata mjini ni hii, na anaijua kama anavyojua njia ya kwenda kitandani kwake gizani.

Anajua kwamba kesi ya sumu huleta chupa mbili sinkini. Ya kwanza hutiwa kile kilichotoka tumboni mwa marehemu, pamoja na asidi na vipande vya zinki. Ya pili hutiwa asidi na zinki peke yake. Maabarani wanaiita tupu. Hewa inayotoka katika kila chupa hupitishwa kwenye mrija wa kioo juu ya moto, na kama mna aseniki, ile sumu ya panya, mrija hushika doa jeusi linalong'aa.

Mrija wa tupu lazima ubaki safi. Ukishika doa, maana yake sumu imo ndani ya dawa za maabara zenyewe. Hapo marehemu hakulishwa kitu, na aliyempikia hana kosa.

Chupa mbili, siku zote. Lakini Ijumaa ile ya Oktoba, wiki tisa zilizopita, ilikuja moja.

Na sasa analetewa hii. Chupa iliyotumika ikaachwa wiki tisa huwa na ukoko mweupe chini. Hii haikuwa na ukoko. Ilikuwa na masizi ya mji tu, yale yanayoingia kila mahali hadi kwenye meno. Chupa hii ilikuwa haijaonja asidi tangu ilipotoka dukani.

"Ndiyo, Daktari," alisema Verlene. Hivyo ndivyo anavyojibu kila kitu.

Daktari akashusha pumzi. "Yule wakili wa Bi. Tibbs, huyo Fontaine, jana alinisumbua sana mahakamani. Eti nilifanya tupu, au sikufanya? Nani aliiona? Jaji amesema anataka kumsikia mtu anayeosha. Leo, saa nane mchana. Usiogope. Swali ni moja tu, zilikuja chupa ngapi. Utasema mbili. Si kweli huwa ni mbili?"

"Huwa ni mbili."

"Basi. Yamekwisha." Akamgusa bega, akachukua kofia yake, akaenda kula.

Msomaji, usimchukie upesi. Verlene mwenyewe hakuweza.

Katika maabara ile wakemia wengine humwachia vyombo ukingoni mwa sinki na kuondoka, kama mtu anavyotia barua kwenye sanduku. Daktari Haverstock peke yake, kila asubuhi, husimama mlangoni na kusema, "Habari za asubuhi, Verlene." Kila asubuhi, na jina juu.

Chumbani kwake, mtaa wa Wylie Avenue, anakula maharage ya kopo akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Sauti za wote wanaoigiza kwenye mchezo wa saa moja anazijua. Jina la jirani halijui. Ziko wiki ambazo, toka Jumatatu hadi Jumamosi, hakuna kinywa kingine kilichomtaja.

Na upande wa pili yuko Izola Tibbs. Miaka hamsini na mitatu, mpishi wa nyumba ya wapangaji kumi na mmoja. Mpangaji mmoja, Amberson, mtu wa vidonda vya tumbo miaka yote, alikunywa supu yake ya mkia wa ng'ombe na kufa kabla ya kucha. Maabara ikasema aseniki. Sasa mama huyo anangojewa na kiti cha umeme.

Verlene hajawahi kuzungumza naye. Ameona picha yake gazetini tu.

Mlango wa lifti ulifunguka kwa kelele, na Purvis, mwendesha lifti, akatoa kichwa.

"Bi. Kimya! Leo umetumia maneno mangapi?"

"Matano."

"Matano! Na saa sita ndiyo kwanza imegonga. Utaishiwa, binti, siku bado ndefu." Akacheka peke yake, kisha uso ukabadilika. "Wanasema kesi ya Mama Tibbs inaisha wiki hii. Mimi nimekula mezani kwa yule mama miaka mitatu. Kabichi, mkate wa mahindi, supu hiyo hiyo wanayoisema. Kama anatia sumu, basi wewe unaongea na mzimu unaoendesha lifti."

Verlene hakucheka. "Daktari anarudi saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, kama kawaida yake. Kwani?"

"Basi tu."

"Basi tu," Purvis alimwigiza, akifunga mlango. "Ungekuwa na kijana huko ndani ningejua, kwa sababu ungekuwa umempeleka sinkini umwoshe!"

Lifti ikashuka. Maabara ikabaki tupu, wakemia wote wamekwenda kula.

Verlene alifuta mikono. Akaenda kwenye kabati, akalitoa kopo la buluu. Lile kopo la zinki lilifunguliwa wiki ile ile ya Oktoba, baada ya la zamani kwisha. Tangu hapo haikuja kesi nyingine ya sumu. Kesi ya Bi. Tibbs ndiyo ya kwanza kupimwa kwa kopo hilo, na ndiyo ya mwisho.

Msichana asiyemaliza darasa la tano akaanza kufanya kazi ya daktari.

Kichwa kilikataa, lakini mikono ilijua. Ameona kazi hiyo mara ngapi, akiwa amesimama nyuma na ndoo yake? Akafunga mrija kwenye chupa. Akachota zinki kwa kiganja. Vipande vinane, na vilivyohitajika vilikuwa vitano. Vitatu vilivyozidi hakuvirudisha, maana sheria ya maabara ni kali: kilichotoka koponi hakirudi koponi, kisije kikaingia na uchafu. Akavitia katika mfuko wa aproni, akamimina asidi tone kwa tone. Chupa ikaanza kutoa mapovu.

Hapo ndipo pa hatari. Hewa ile ikiwashiwa moto kabla haijasukuma nje hewa ya kawaida, chupa hulipuka. Kabla Verlene hajaja, mtu mmoja alipoteza jicho hapo hapo mezani. Daktari ana namna yake ya kungoja. Hupiga mluzi wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, mara tatu, ndipo huwasha.

Verlene akalamba midomo. Akapiga mluzi.

Mara ya kwanza ulitoka pumzi tu. Kisha ukashika. Miaka minne hajawahi kutoa sauti ya juu katika chumba kile, na sasa wimbo ulikuwa ukizunguka kwenye vioo na kumrudia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Akawasha.

Haikulipuka.

Akatazama mrija. Ulikuwa safi. Akangoja. Bado safi. Moyo wake ukatulia, na niseme ukweli, ukafurahi. Kama tupu ni safi, basi Daktari aliharakisha tu, hakukosea. Kesho angesimama mlangoni kama kawaida.

Ndipo mbele ya moto kikatokea kivuli, kama pumzi ya mtu kwenye dirisha la baridi. Kikawa kahawia. Kikawa cheusi. Kikaanza kung'aa, mpaka Verlene akaona ndani yake jicho lake mwenyewe likimtazama.

Sumu ilikuwa kwenye kopo!

"Huo ni wimbo wangu," ilisema sauti mlangoni.

Daktari Haverstock alikuwa amesimama, theluji yenye masizi mabegani. Saa saba bado haijagonga.

"Nimeusikia tangu kwenye ngazi," alisema. "Nikadhani nimerukwa na akili. Nikadhani mimi nimebaki humu, na aliyekwenda kula ni mtu mwingine."

Akasogea. Akaona mrija. Akakaa kwenye kigoda cha Verlene, taratibu, kama mzee.

"Zinki ya kopo lipi?"

"La buluu, Daktari."

"Mungu wangu." Maneno yakamtoka kwa mkupuo. "Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja. Mwendesha mashtaka alikuwa amepiga simu mara tatu. Mke wangu alikuwa akinisubiri stesheni. Miaka kumi na tisa, Verlene! Miaka kumi na tisa nafanya tupu, na haijawahi kuonyesha hata nukta. Nikasema, leo tu. Mara moja hii tu."

"Basi tuwaambie." Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba yeye mwenyewe alishangaa kwamba imesikika.

"Tuwaambie nini? Unajua ni watu wangapi wako gerezani kwa neno langu? Kila mmoja atasema, na yangu je, aliifanya tupu? Maabara itafungwa. Wewe utakwenda wapi?"

"Yule mama watamkalisha kwenye kiti."

"Wanaweza kumhurumia. Ana wakili mzuri." Akainua macho, na yalikuwa macho yale yale ya kila asubuhi, ya upole. Akafungua mrija kutoka kwenye chupa, akampa. "Verlene. Uoshe."

Na hapa, wasomaji, ndipo mtakapomkasirikia.

Aliosha.

Hakuamua. Mikono ndiyo iliyoamua. Miaka minne imesikia neno hilo kwa sauti hiyo, na kabla akili haijafika, mrija ulikuwa umezama katika beseni la asidi. Verlene akaona doa likififia kwenye ncha, likawa kahawia, likawa kivuli, likaisha. Ushahidi pekee uliokwisha kuonekana wa kumwokoa Izola Tibbs ulimalizikia mikononi mwake.

"Ahsante," alisema Daktari. "Vaa koti. Tusichelewe."

Hakupata hata nafasi ya kuvua aproni.

Nje ilikuwa mchana, lakini taa za barabarani zilikuwa zimewashwa, kama ilivyo siku ambazo moshi wa viwanda vya chuma unakataa kupanda juu. Magari yalitembea na taa. Daktari alimfungulia mlango wa gari lake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Lile kopo nimempa Purvis alitupe kwenye tanuru la chini," alisema wakiwa njiani. "Kwa hiyo hakuna tena cha kukusumbua. Utasema mbili, tutarudi, na kesho ni siku kama siku nyingine."

Verlene alitazama nje. Akajaribu kuiwaza hiyo kesho. Mlango unafunguka, Daktari anasimama, anamsalimia. Akagundua kwamba anaitamani, na kwamba anaionea aibu.

Mahakama ilijaa. Karani akaita jina lake na kulikosea. Verlene akapita katikati ya mabenchi, kichwa chini, akitazama viatu vya watu, na ilimbidi apite ubavuni mwa meza aliyoketi mshtakiwa.

"Binti."

Akasimama. Izola Tibbs alikuwa mwanamke mnene, mwenye sweta lililoshonwa viwiko, na alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono, alama ya mlango wa oveni.

"Funga koti lako," alisema mama yule kwa sauti ya chini. "Mlango ule unaingiza baridi. Utaumwa kifua, na huku mjini hakuna atakayekuchemshia kitu."

Ni hilo tu. Mtu anayengoja kuuawa alikuwa amemwona Verlene koti liko wazi.

Verlene akashika vifungo. Mkono ukateleza, ukagonga mfuko wa aproni, na ndani ya mfuko kulikuwa na vitu vitatu vigumu.

Akavitambua kwa vidole. Kilichotoka koponi hakirudi koponi.

Akaapishwa. Mwendesha mashtaka, Bwana Crandall, mtu wa tai nzuri na haraka nyingi, hata hakusimama karibu.

"Jina? Sema kwa sauti, msichana, hatuko kanisani."

"Verlene Gaskins."

"Kazi yako?"

"Naosha."

Watu wakatabasamu.

"Siku ambayo Daktari Haverstock alipima kesi hii, zilikuja sinkini kwako chupa ngapi?"

Alimtazama Daktari. Alikuwa mstari wa mbele, kofia magotini, akimtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka barabara.

"Moja," alisema Verlene.

Chumba kikavuma. Jaji akagonga meza.

"Amechanganyikiwa, Mheshimiwa," alisema Crandall. "Huyu hajazoea kuongea na watu. Msichana, sikiliza swali..."

"Nimesikia swali. Ilikuja moja."

Wakili Fontaine akawa amekwisha kusimama, mtu mweusi mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Dada Gaskins," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita dada nje ya kanisa, "tuambie pole pole. Hatukukimbizi."

Akawaambia. Masizi katika shingo ya chupa. Kopo la buluu. Wimbo mara tatu. Doa. Alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu ashuke kwenye treni ya Alabama, na kila moja lilikuwa kama kung'oa jino.

Crandall akarudi akitabasamu. "Hadithi nzuri. Hilo doa liko wapi?"

"Nimeliosha."

Kicheko kikapasuka. Hata kwenye viti vya wale watu kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi, mmoja alijificha kwenye leso.

"Umeliosha! Na kopo?"

"Limetupwa kwenye tanuru."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Izola Tibbs hakucheka. Aliufunika uso kwa mikono yake miwili ya mpishi.

"Kwa hiyo huna kitu," alisema Crandall.

Verlene akatia mkono mfukoni. Akaviweka juu ya ubao mbele yake, kimoja, cha pili, cha tatu. Vipande vya kijivu, havizidi punje ya mahindi.

"Hivi vilizidi," alisema. "Vikishatoka havirudi koponi. Ndiyo sheria yetu."

Hakuna aliyecheka.

"Mheshimiwa," alisema Fontaine, "chuo kikuu kiko umbali wa dakika kumi. Vipimwe huko. Leo hii."

"Vimetoka mfukoni mwa mwosha vyombo!" alifoka Crandall. "Vinaweza kuwa vimetoka popote!"

Jaji alivitazama vipande vile kwa muda mrefu. Kisha akainua macho. "Daktari Haverstock. Simama. Hii ni zinki ya maabara yako, au siyo?"

Daktari akasimama. Kofia ikamwanguka, hakuiokota. Mle ukumbini mtu mmoja tu angeweza kuthibitisha kwamba vilitoka kwenye kopo lile, na mtu huyo alikuwa akimtazama Verlene, si jaji.

"Kabla hajajibu!" Crandall alikuwa amekwisha kusogea hadi kwenye ubao, uso karibu na wa Verlene. "Baraza lina haki ya kujua ni mtu wa namna gani aliyeketi hapa. Unasema Ijumaa ile uliona chupa moja. Wiki tisa! Huyu mama amelala jela wiki tisa, na wewe unapanda lifti asubuhi, unashuka jioni, kimya. Ama unadanganya leo, au uliyajua haya siku sitini na tatu ukafunga mdomo. Lipi kati ya hayo?"

Fontaine alitaka kupinga, lakini Verlene alikuwa amekwisha kuinua mkono, kama alivyokuwa akifanya darasani zamani, kabla ya pamba.

Izola Tibbs aliondoa mikono usoni. Daktari alikuwa bado amesimama. Verlene akamtazama yeye, akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, wala kujiambia mwenyewe chumbani akisikiliza redio ya jirani.

"Nilijua. Tangu Ijumaa ile nilijua. Nilinyamaza kwa sababu katika mji huu wote Daktari ndiye mtu pekee anayenisalimia kwa jina langu, na nilitaka Jumatatu anisalimie tena."